Nyama Ambayo Haikufa

Baba alifariki wakati karantini ya ng'ombe imefunga minada yote, Busia mpaka Tororo. Hakuna ng'ombe wa kununua, hakuna wa kuvusha. Na kwetu Masaba mzee hazikwi bila ng'ombe kuchinjwa uani. Baba zangu wadogo walikaa, wakanong'ona, kisha macho yote yakaenda kwa ng'ombe wa maziwa wa Mama. Haki ya Mungu, nilitaka kuwarushia mwiko! Ng'ombe huyo ndiye aliyetusomesha, na sasa ndiye angemlisha Mama katika ujane wake.

Kaka yangu ni mpishi ng'ambo. Alikuja na vipande vya nyama iliyokuzwa maabara, amwonyeshe Baba, akamkuta maiti. Akasema wageni wapikiwe maharage, na nyama hii iingie kwenye sufuria ya wazee. Ni ng'ombe kabisa, alisema, chembe zake zimekuzwa kwenye mtungi, ila hakuna aliyechinjwa.

"Hakuna aliyechinjwa?" akauliza mkubwa wa baba wadogo. "Sasa hiyo ni nyama ama ni ndizi? Mimi hiyo nakula hapana."

Tuliikaanga hivyo hivyo. Ilinukia vizuri, sitadanganya. Shangazi alionja, akatema kwenye majivu. Mimi nilitafuna nikaona ni nyama tu, laini mno. Kisha Mama, ambaye tangu msiba hakuwa ametia kitu mdomoni, akavuta sahani akala mbele yao, machozi yakimtoka.

"Tamu," akawaambia. "Mashemeji, onjeni tu. Nawaomba."

Mama hakuwa mtu wa kubembeleza. Kumwona hivyo kuliniuma kuliko jeneza lenyewe.

"Mke wetu," baba mdogo akamjibu, tena kwa upole, "hii haijakufa. Itamsindikizaje ndugu yetu?"

Kaka akainamisha kichwa. Niliwachukia wote wawili, yeye na baba mdogo.

Walimchinja ng'ombe mchana. Walipompasua walikuta ndama tumboni, mdogo, hajaota manyoya. Hata Mama hakuwa anajua. Akawaomba wampe amzike nyuma ya jiko.

Wakacheka. "Ala! Mnyama anazikwa, mke wetu?"

Wakamtupa ndama kwa mbwa. Mama akanawa mikono, akaingia jikoni kuwapikia.