Chaki Karibu na Kitovu

Fundi wa nguo wa pale mtaani Section 58 hapimi kiuno cha mteja aliyesimama. "Keti kwanza, mathe. Nguo huonyesha makosa ukiketi," husema, chaki ikizunguka vidoleni. Yeye mwenyewe hushinda ameketi kwenye kiti chake cha magurudumu. Alizaliwa na mgongo wazi, uti wake haukufunga vizuri tumboni mwa mama, na choo humtoka bila yeye kuhisi. Ndiyo maana hukaa karibu na mlango, penye hewa, na chai ya saa nne hainywi. Akinyamaza ghafla katikati ya maneno, mama yake, anayeshinda naye dukani, hufunga mlango na kuchukua beseni bila kuulizwa.

Wiki jana, daktari aliwaeleza njia mbili za upasuaji. Ncha ya utumbo inaweza kutokezwa nje ya tumbo, choo kiingie kwenye mfuko uliobandikwa hapo. Au atobolewe tundu dogo karibu na kitovu, awe akipitishia maji ya kusafisha utumbo kila asubuhi, kisha ashinde mkavu. "Ya tundu ni sawa. Maji nitamwekea mimi," mama akawahi kusema. Fundi akatikisa kichwa. "Nitajiwekea, mum. Daktari, nikuonyeshe mahali mkono wangu unafika nikiwa nimeketi?" Daktari akasema onyesha. Mama akanyoosha mkono kumpandishia blauzi, kama alivyozoea tangu fundi akiwa mtoto. Fundi akavua tepu ya kupimia iliyokuwa shingoni mwake na kuiweka kwenye ule mkono. "Nishikie hii." Kisha akapandisha blauzi mwenyewe, akatoa chaki mfukoni, akachora alama pale mkono wake ulipofika.