Kuinama Njiani Rungwe Mpya

Mama mmoja, mgonjwa wangu, aliniambia mlima haumsumbui. Kinachomkata pumzi ni watu. Nilidhani ananitania.

Nilikuwa nimetoka chuo karibuni, najitolea kwenye kitengo cha mazoezi tiba Kasulu, na kila nilichomwambia mgonjwa nilikirudia kichwani njia nzima ya kurudi chumbani kwangu. Mama huyu wa Rungwe Mpya alikuwa na ugonjwa sugu wa mapafu, wa miaka mingi ya kupuliza kuni mbichi. Dawa ya kuvuta alikuwa nayo. Kazi yangu ilikuwa kumrudisha kwenye kutembea, maana tangu kifua kianze kumbana alikuwa anakaa tu, na miguu ilishaanza kulegea. Mwanawe, fundi pikipiki Kibondo, alikuwa amesema wazi: maharage yakikomaa, kama mama hafiki shambani kwa miguu yake, anamchukua akaishi naye. Mama hakutaka kuiacha nyumba yake. Alinieleza hilo kabla hata ya kunieleza kikohozi.

Nilimwelekeza nilivyofundishwa. Atembee asubuhi kuelekea shambani, aheme lakini aweze kuongea. Akizidiwa asimame, atoe pumzi taratibu kwa midomo iliyobanwa. Aliporudi kliniki alikuwa na hali mbaya kuliko mwanzo. Nikaanza kuwaza: nimemzidishia? Au ni moyo, na mimi nimeng'ang'ania mapafu? Nikaomba nimfuate kwake, tutembee wote.

Kwenye mlima wa kwenda shambani alipanda vizuri, jembe begani.

"Daktari, mbona wewe ndiye unahema?" akaniuliza.

Kisha tukakutana na bibi mmoja mwenye mzigo wa kuni. Mama akashusha jembe, akainama mpaka mikono ikakaribia miguu. "Mwakeye," akamsalimia kwa Kiha, na akabaki ameinama hivyo hivyo akiulizwa na kujibu habari za nyumba, za watoto, za mbuzi, za mvua. Alipoinuka midomo ilikuwa imebadilika rangi. Hatukufika mbali, akaja mwingine. Akainama tena.

Kwamba kuinama kunambana mtu wa kifua kama hicho nilijua. Chuoni mfano ulikuwa kufunga kamba za viatu. Mama huyu alivaa kandambili.

Tuliporudi uani nikamwambia, "Mama, uwe unasalimia umesimama."

"Nimsimamie mkubwa wangu kama nguzo?"

"Basi zungukia hapa hapa nyumbani, kwenye migomba."

Wifi yake alikuwa anamenya mihogo pembeni. Akaacha kisu. "Azunguke nyumba peke yake asubuhi yote? Kesho watasema analoga. Wewe daktari utatuletea kesi!"

Wakacheka. Mama alicheka mpaka kikohozi kikamshika, kikakataa kumwachia, na wifi akawa anamsugua mgongo. Mimi nilisimama pale nikiwa sijui nishike wapi.

Mwisho tulikubaliana hivi: akimwona mtu kwa mbali, asimame, aegemee jembe, atoe pumzi mpaka mtu afike. Kisha asalimie akiwa wima, ainamishe kichwa tu. Wifi alisema atapita kwa wakubwa kuwaeleza kuwa ni agizo la hospitali. Mama aliitikia huku akiangalia upande mwingine.

Maharage yalipokomaa mwanawe alikuja, nami nikaenda. Njiani tukamkuta bibi yule yule. Mama akaegemea jembe, akapumua, akasalimia kwa kichwa. Bibi akajibu neno moja, akapita. Mama aliendelea kupanda. Alifika shambani, akaketi kwenye kigoda chake, akaanza kung'oa maharage.

Mwanawe alimtazama aking'oa. "Sawa," akaniambia. "Abaki."

Nilikwenda kuchuchumaa karibu na mama. "Umesikia? Unabaki nyumbani kwako."

"Nimesikia, mwanangu." Akakung'uta udongo kwenye mizizi. "Na yule umemwona alivyopita?"

"Labda hajaelezwa vizuri."

"Ameelezwa. Wifi alikwenda kwake wa kwanza."

Nikaanza kung'oa mstari wa pili, na kila aliyetokea kule njiani nilimwona kabla mama hajamwona.