Wanawake wa Nyuma ya Jeshi

Asubuhi ile ya kwanza Kambodia nilicheka mpaka mwongoza watalii wetu akacheka nami. Ilikuwa miaka miwili kabla ya korona. Binti yangu Gloria, mzaliwa wa Birmingham, alikuwa amemaliza chuo, akang'ang'ania tusafiri wawili, mimi niliyezoea kutoka kitandani kwenda kazini, mtaa wa Perry Barr, kuogesha wazee na kurudi kitandani. Basi tukasimama mbele ya hekalu la kale la Wakhmer, ukuta mrefu wa mawe umejaa watu waliochongwa. Na si wafalme tu! Mwanamke anauza samaki. Wanaume wanapiganisha majogoo huku na wao wakigombana. Mpishi anapuliza moto, mashavu yamemjaa. Nikamwambia Gloria, "Fundi huyu alikuwa mmbea. Hakuna alichoacha kuona." Akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba nipunguze sauti. Sikupunguza.

Tulipozunguka kona tukakuta jeshi. Tembo, mikuki, wakubwa chini ya miavuli. Nyuma yao, wanawake. Mmoja amejitwika kikapu, mkono mmoja umekishika, mwingine umemshika mtoto.

"Hawa ni wake wa askari," mwongozaji akasema. "Waliwafuata waume zao vitani kwa mapenzi."

"Nani alikuambia?"

"Vitabu, mama."

"Na hao waandishi walimwuliza huyu mwenye kikapu?"

Gloria akanivuta mkono. Nikaketi pale pale juu ya jiwe, nikamweleza binti yangu, kwa Kiingereza ili mwongozaji naye asikie, habari ambayo sikuwahi kumweleza mtu tangu nitoke Kivu, Kongo.

Siku ile nyumbani tulikuwa uani tunachambua maharage, mimi na dada yangu Neema. Alinizidi mwaka mmoja. Tulikuwa tunagombana, nani amevaa kitenge cha mwenzake bila ruhusa. Mama alikuwa kanisani. Kaka yetu mkubwa, Yaya Bahati kama tunavyowaita ndugu wakubwa kwetu, alikuwa kazini Uvira.

Wanajeshi waliingia sita. Hawakupiga kelele.

Wakatua chini gunia la risasi. Mkubwa wao akaninyooshea kidole. "Wewe. Beba."

Nikaushika ungo wa maharage, nikabaki nimeketi.

Neema akasimama. "Huyu ni mgonjwa. Mimi nina nguvu." Akajitwika gunia mwenyewe, akatangulia mbele yao.

Hakunitazama.

Majirani walimwona barabarani, wakasema ametoka kwa hiari, kapata bwana jeshini. Baada ya miezi mingi mwanamke mmoja aliyewatoroka alituletea habari: Neema aliwabebea, akawapikia, akaugua homa njiani wakamwacha. Alikufa pale alipoachwa. Yaya Bahati aliporudi aliamini maneno ya majirani, na mimi nilinyamaza. Ningesema nini? Kwamba gunia lilikuwa langu? Niliogopa, basi. Nilikuwa mwoga kwa zaidi ya miaka ishirini.

Gloria alikuwa analia. Mwongozaji alivua kofia yake. "Mama yangu naye askari walimbebesha udongo kwa nguvu, wakati wa vita vyetu," akasema. "Hiyo habari ya mapenzi sitaisema tena."

Nikainuka, nikamtazama yule mwanamke wa jiwe karibu. Fundi alikuwa amemchonga vidole, masikio, hadi mikunjo ya nguo, kwa uangalifu ule ule aliowapa wakubwa wenye miavuli. Eh! Mtu wa karne zile alimpa mbeba mzigo nafasi ukutani, na sisi wa kwetu tumemnyima hata mstari mmoja kwenye karatasi ya marehemu wetu. Nilipata hasira, na hasira ile nilirudi nayo Uingereza.

Kila mwaka ukoo wetu hukutana Birmingham, mtaa wa Winson Green, kwa Yaya Bahati, ambaye naye sasa yuko huku, kuwaombea marehemu. Yeye husoma majina kwenye karatasi, na mbele ya kila jina ameandika mahali alipozikwa mtu. Neema hakuwamo. Mwaka ule alisoma baba, akasoma mama, akasoma shangazi wawili, akaanza kukunja karatasi.

"Bado Neema," nikasema.

"Ule alijiendeaka na basoda." Hakuinua macho alipowataja wanajeshi kwa Kiswahili cha kwetu. "Batu balimuona anajitwisha."

"Ni mimi njo balionyeshaka kidole, Yaya. Neema alibeba mzigo yangu."

Yaya akavua miwani. "Na ukanyamaza miaka yote hii?"

"Nilinyamaza. Leo sinyamazi. Lete kalamu."

Hakuleta. Nikaichukua karatasi mkononi mwake, nikatoa kalamu yangu ya kazini, nikaandika jina la dada yangu juu kabisa, juu ya jina la baba. Anayechukia na achukie. Mahali pa kaburi nikapaacha wazi, sikuwa na cha kuandika.

Tangu siku ile Yaya hanipigii simu. Ana haki ya hasira yake; nilimwacha amdharau dada yake bure, na kwa hilo sijitetei. Ila jina sitakubali lifutwe, hata nikibaki mimi na Gloria peke yetu.

Mwaka uliofuata nilikwenda vilevile. Hakunisalimu mlangoni. Watu walipotulia alifungua karatasi ile ile, akaanza na Neema. Pale nilipopaacha wazi alikuwa ameandika mwenyewe, na akasoma kwa sauti: "Hatujui."