Ugomvi wa wakubwa ulivyofika kwenye vyumba vyetu vya wageni hapa Bunia

Wakuu, amani ya Bwana iwe kwenu nyote. Ninayoandika hapa niliyaona kwa macho yangu, na Mungu ni shahidi.

Mimi ni muzee wa kanisa. Mke wangu, Mama Esta, ana vyumba vinne vya wageni uani kwetu.

Wazungu walikuwa wanalala usiku mmoja, kisha wanaendelea Epulu, kwenye msitu wa okapi, yule mnyama wa jamii ya twiga. Wengi walitua kwa ndege katika mji mkuu wa nchi jirani, halafu wakavuka mpaka. Nchi sitaitaja, munaijua.

Kisha wakubwa wa nchi hiyo na wa kwetu wakagombana.

Wageni wakaanza kuandika: samahani, hatuji tena.

Najua mutasema ni vita ya huku kwetu. Ni kweli, sikatai. Lakini baadhi yao walikuja miaka mibaya kuliko hii! Hapo ndipo nikaanza kujiuliza. Epulu iko kwetu, ugomvi uko mpakani. Vinahusiana wapi?

Wakati huo jirani yetu Papa Kambale, mfanyabiashara aliyetoka Butembo, alitaka kukodi vyumba vyote viwe depo, ghala la maharagwe. Jibu alilitaka Jumapili baada ya ibada.

Mama Esta hakutaka. Kwao walifundishwa kwamba kitanda cha mgeni hakiachwi kikapoa. Kila Jumamosi alifua mashuka ambayo hakuna aliyeyalalia.

Jumamosi moja Kambale akapita akamwona akiyaanika kwenye kamba.

"Mama Esta, uko nafula mashuka ya bamalaika?"

"Ndiyo. Na weye hauko mumoja wao."

Tulicheka, lakini usiku huo mke wangu aliomba muda mrefu.

Kesho yake asubuhi, kabla ya ibada, nikampigia simu mama mmoja wa Ulaya, mgeni wetu wa zamani, mwalimu aliyestaafu. Nikamwuliza waziwazi: unatuogopa?

"Hapana, Papa. Kampuni ya bima imekataa kunikatia bima ya safari. Mpaka ukifungwa nikiwa kwenu, ndege yangu ya kurudi iko upande wa pili. Nitatokea wapi?"

Miaka yote nilidhani kazi yetu ni kufungua mlango wa kuingilia vizuri: maji ya moto, kuku, sala. Kumbe mgeni, kabla hajafunga mzigo, anatazama mlango wa kutokea. Na ule hatuushiki sisi.

Baada ya ibada nikamweleza Mama Esta. Akamwita Kambale, akamwambia achukue vyumba vitatu. Cha nne, hapana.

Ijumaa iliyofuata magunia yakaingia.

Jumamosi, mashuka yakiwa bado na unyevu, pikipiki ikasimama getini. Mwalimu mmoja wa shule na mke wake, kutoka Mahagi, nchi hii hii yetu. Walisikia njia ya Epulu imetulia, wakataka kuuona msitu ambao yeye huwafundisha watoto bila kuwahi kuufikia.

Wakuu, niliona haya kidogo. Mimi pia sijawahi kufika!

Mama Esta akamwita Kambale kutoka kwenye magunia yake: "Kuja umusalimie malaika."

Wakati wa chakula nikamwuliza mwalimu: na mlango wa kutokea, je? Ugomvi huu haukutishi?

Akacheka. "Muzee, siye tunatokea mule mule tuliingilia. Kwetu ni hapa."

Walipoondoka alfajiri, mke wangu alivua mashuka yale akayafua, na siku hiyo haikuwa Jumamosi.

Nilichojifunza: wakubwa wakigombana, mgeni wa mbali hukosa njia ya kurudi, na kwa hiyo haji. Tuwaombee wapatane. Lakini tukingoja, tusisahau kwamba mgeni anaweza kuwa ndugu wa Mahagi, au hata sisi wenyewe. Namshukuru Mungu kwa kile chumba kimoja.

Sasa nyinyi wenye nyumba za wageni karibu na mipaka: wageni wenu walipoacha kuja, walitoa sababu gani? Na wewe unayesoma, umeshafika kwenye kivutio cha kwenu? Mimi na Mama Esta tunaenda Epulu njia ikiruhusu, tukijaliwa.