Goreti Anamwagilia Chuma

Goreti Namkuna alikuja kijijini kwetu Mtua mwaka 1994 kushika redio ya upepo ya zahanati, na kwa miaka tisa sikumwelewa hata kidogo. Kila Oktoba, jua likishakausha udongo, alichota madumu mawili ya maji akaenda nyuma ya zahanati kumwagilia chuma. Si mchicha, chuma! Waya wa redio ulishuka hadi kwenye chuma hicho kilichozikwa, na yeye alidai ardhi ikikauka sauti haifiki hospitali ya Nachingwea, inabaki kuchemka tu kama mafuta ya kukaangia. Tulimcheka sana. Desemba mvua ilianza, naye akapumzika.

Kisha mvua zikabadili tabia. Mwisho wa mwaka 2003 zilinyesha siku mbili zikapotea, na Januari ikawa vumbi tupu. Kisima kikabaki na maji ya kugombania. Mimi, Yunusi, katibu wa kamati ya maji na mtu wa sheria kupita kiasi, nikampiga marufuku Goreti kumwaga hata kikombe. Nilijiona shujaa. Akasema redio ikinyamaza nisimlaumu yeye.

Wiki ya tatu ya marufuku hiyo, asubuhi moja, mke wangu Munira alishikwa na uchungu kabla ya siku zake, na mtoto amekaa vibaya. Mkunga wa zahanati akataka gari la hospitali. Goreti akaita Nachingwea mara kumi. Redio ikachemka tu. Nilisimama mlangoni nimeganda, kwa hofu na kwa aibu.

"Shemeji," akaniambia taratibu, "chuma kina kiu."

Nilikimbia kisimani nikaipita foleni yote niliyoipanga mwenyewe. Wanawake walinizomea, lakini waliposikia ni Munira, kila mmoja akanipa ndoo yake. Maji ya ndoo ya nne yalipozama udongoni, sauti ya mtu ikatoka redioni, safi kabisa: gari linakuja. Nililia, sifichi.

Gari lilimchukua Munira na mama yangu, nafasi ikaisha. Nami sikutaka kubanduka pale; niliogopa chuma kikikauka habari zao zitapotea njiani. Nikamwagilia mpaka alasiri. Nyuma ya zahanati pakawa tope la kupandia mpunga.

Goreti akatoka nje, anacheka huku anafuta macho.

"Shemeji, weka ndoo chini. Wote wawili wazima, na mtoto ni wa kike."

Nikayamwaga yaliyobaki, kwa usalama tu.