Mkanda wa Harusi ya Makunduchi

Kila Sikukuu redio huupiga wimbo wa baba yangu, uleule mmoja, na mimi kila Sikukuu huchukia. Aliuimba ujanani, alipokuwa na klabu kubwa ya taarab hapa Mji Mkongwe. Baadaye walikosana, wakamtoa, naye akabeba udi wake akawa anapiga kwenye maharusi ya shamba: Bwejuu, Makunduchi, popote alipoitwa. Watu wa mjini wakasema kesha, hana jipya tena. Kesha nini? Mama akinambia kuwa nyimbo zake nzuri hasa alizitunga miaka hiyo, ila hakuna aliyejali kuzirikodi.

Mwaka jana baba alipigwa na kiharusi. Mkono wa kulia ukafa, kauli ikakatika. Hapo ndipo niliposhikwa na wazimu wa kuzitafuta nyimbo zile. Nilitaka azisikie kabla hajaondoka. Nilitaka na mimi nizisikie, asije akazikwa nazo.

Niliuliza huku na huku mpaka Makunduchi nikampata bibi mmoja ambaye baba alipiga kwenye harusi yake. Alikuwa na mkanda wa video, kaufunga ndani ya kanga, chini ya sanduku. Nikaupeleka kwa fundi mmoja mtaa wa Mlandege, akanihamishia kwenye flashi. Pale dukani sikutaka kuutazama. Nilitaka tuutazame pamoja, mimi na baba.

Nikamkalisha, nikamwegemeza kwa mito, nikawasha televisheni. Huyo hapo, na kanzu nyeupe, udi kifuani, meno yote anayo. Akaimba:

*Nyumba nilotia taa, leo nakaa kizani*

Wallahi, wimbo ule sijapata kuusikia. Lakini kabla hajashika mstari wa pili ikaingia sauti ya mwanamke na kinanda cha umeme, wimbo uliokuwa ukivuma mjini zama zile. Mdomo wa baba unakwenda, vidole vinakwenda, sauti si yake. Ikawa hivyo hadi mwisho wa mkanda.

Nikampigia simu yule bibi, hasira zimenipanda, hata shikamoo sikumpa.

"Nani katia wimbo mwengine humu?"

"Sie wenyewe, mwanangu. Tulimwambia mpiga picha. Babako akiimba mambo ya huzuni, na ile ni harusi. Tulitaka mkanda upendeze."

Nikamuuliza kama anayakumbuka maneno. Akasema nshasahau, mwanangu, zamani sana. Sikumuaga.

Baba alikuwa ananitazama. Akaelekeza kidevu kwenye rimoti. Nikadhani anataka nizime, lakini alitikisa kichwa, akagusa sikio. Nikaondoa sauti, nikairudisha picha mwanzo. Mkono wake wa kushoto, ule mzima, ukapanda juu ya shuka, vidole vikaanza kubonyeza, sawasawa na vya yule kijana kwenye kioo. Alikwenda nao wimbo ubeti kwa ubeti, machozi yakimtoka. Aliusikia wote. Mimi nimekaa ubavuni pake, bega kwa bega, na sisikii kitu.

Alifariki kabla ya Ramadhani. Nyumba imejaa watu, redio ikatangaza msiba, kisha ikaupiga uleule wimbo mmoja. Wanawake wakaanza kulia, wakisema huyo ndiye yeye. Nikainuka, nikaizima.