Maji ya Moto kwa Pipa

Mama yangu anaishi Uwemba, nami ni mhandisi wa kemikali kwenye kiwanda kimoja Makambako. Nilimjengea mtambo wa gesi ya samadi nyuma ya zizi, maana moshi wa kuni ulikuwa umemharibia macho na kifua. Gesi iliwaka vizuri, ila ilinuka mayai viza, na mama si mtu wa kukaa na neno moyoni.

"Jumapili ya wiki ijayo jumuiya inasali hapa kwangu. Wakisikia harufu hii, bomba lako utalikuta nje. Narudi kwenye kuni zangu."

Mimi sipendi kushindwa, hasa na mama. Nikatengeneza kichujio: pipa dogo la maji juu, chini yake bomba nene lililojaa kokoto. Maji yanachuruzika kushuka, gesi inapanda, na humo njiani maji yanaifyonza ile harufu. Swali ni maji kiasi gani. Maji hayanywi gesi bila mwisho; hufika mahali yakashiba, kinachoingia kikalingana na kinachotoka. Mahali hapo panahesabika, na joto la maji lina sauti kubwa: kadiri yalivyo baridi, ndivyo yanavyobeba gesi nyingi zaidi. Kwa baridi ya Uwemba nilijiona tajiri. Nilikaa na kalamu jioni nzima, nikafurahi kweli, nikapata jibu, nikafunga kichujio. Harufu ikaisha.

Katikati ya wiki mama akapiga simu: harufu imerudi. Nikarudia hesabu mstari kwa mstari. Hazikuwa na kosa, na hilo ndilo lililoniudhi. Jumamosi nikaenda Uwemba, nikalala huko.

Asubuhi nilimkuta mama amepanda kigoda, sufuria kubwa mkononi, anamimina kwenye pipa maji yanayofuka mvuke. Ameyachemsha kwa kuni.

"Mama! Unafanya nini?"

"Kamwene kwanza," akanijibu. Salamu yetu hairukwi hata nyumba ikiungua. Nikamwamkia, ndipo akaendelea: "Kila asubuhi nakuta maji yameganda juu. Baridi hii hata mgeni simpi maji ya bomba anawe uso. Chombo chako kifanye kazi usiku na mchana na maji ya barafu?"

Hasira zikaniishia palepale. Nilicheka mpaka nikashikilia pipa. Nikamweleza kwamba maji ya moto huiachia gesi, kama soda iliyoachwa juani. Alinisikiliza mikono kiunoni.

"Kumbe kuna kitu kinaipenda baridi ya huku," akasema. Tukamwaga yale maji, tukajaza ya bomba, yenye kuuma vidole.

Alasiri jumuiya walisali, wakala wali na maharage, na hakuna aliyekunja pua. Najua, kwa sababu mama aliwachunguza mmoja mmoja kila alipopita na sahani. Wakati wa kuagana alimshika jirani mkono, akampeleka nyuma ya jiko kwenye rundo la kuni.

"Beba zote," akamwambia.

Nikambebesha mwenyewe, haraka, kabla mama hajabadili mawazo.